Dawa ya puani hufikaje kwenye ubongo? Jibu kwa msomaji wa Mafinga

Swali: Mtoto wa mdogo wangu alipatwa na degedege tukiwa Mbeya. Hospitalini muuguzi alimpulizia dawa puani, na baada ya dakika chache akatulia. Tuliambiwa kwamba dawa ya puani hufika kwenye ubongo haraka. Sasa mama yetu, mwenye umri wa miaka 74, ana ugonjwa wa kusahau na anameza donepezili. Ndugu yetu aliyeko Dar es Salaam ametutumia ujumbe unaosema kwamba insulini ya kupuliza puani inarudisha kumbukumbu. Je, ni kweli? Na kama pua ni njia ya mkato, kwa nini tusisage vidonge vya mama, tukaviyeyusha na kumdondoshea puani?

Jibu: Dada, nianze na lile lisilosubiri. Msisage vidonge vya mama, wala msimdondoshee puani kitu chochote ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya pua. Sababu zake nitazieleza, lakini zitaeleweka vizuri zaidi tukianza na kilichomtokea mtoto, kwa kuwa mliyoambiwa siku ile yalikuwa kweli kwa upande mmoja tu, na upande ulioachwa ndio wenye majibu ya maswali yako mengine mawili.

Ubongo haupokei kila kinachopita kwenye damu. Mwaka 1885 mtafiti Mjerumani, Paul Ehrlich, aliwadunga wanyama rangi kwenye damu, akaona kwamba viungo karibu vyote viliingia rangi isipokuwa ubongo na uti wa mgongo. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, alifanya kinyume chake: aliidunga rangi kwenye maji yanayouzunguka ubongo, na safari hii ubongo ukashika rangi huku mwili uliobaki ukisalia kama ulivyokuwa. Kilichoizuia rangi mara zote mbili tunakiita leo kizuizi cha damu na ubongo. Kuta za mishipa midogo ya damu iliyomo ndani ya ubongo zimejengwa kwa seli zilizoshikana kiasi kwamba hakuna upenyo baina yake, na juu ya hayo seli hizo zina protini ambazo kazi yake ni kuzirudisha kwenye damu kemikali ngeni zilizojaribu kupenya. Kinachopita kwa urahisi ni molekuli ndogo zinazoyeyuka kwenye mafuta, na vile ambavyo vimewekewa mlango wake maalumu, kama sukari. Mgonjwa wa Parkinson, yaani ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, kwa mfano, amepungukiwa kwenye ubongo na kemikali iitwayo dopamini, lakini ukimpa dopamini yenyewe haitavuka kizuizi hicho. Ndiyo maana hupewa levodopa, ambayo hupita kwa mlango wa amino asidi na kugeuzwa kuwa dopamini ikishaingia ndani.

Dawa inayotumiwa zaidi kumpulizia puani mtoto mwenye degedege ni midazolamu, na nitachukulia kwamba ndiyo aliyopewa mtoto wenu. Ni dawa yenye tabia ya pekee. Ndani ya chupa yake huhifadhiwa katika hali ya tindikali, na katika hali hiyo huyeyuka kwenye maji. Ikigusa mwili, ambako hakuna tindikali ya namna hiyo, umbo la molekuli yake hubadilika na kuwa lenye kupenda mafuta. Tindikali hiyo ndiyo inayowasha pua, na mtoto ambaye hajapoteza fahamu kabisa huweza kulia au kukunja uso kwa muda mfupi baada ya kupuliziwa. Mabadiliko hayo ya umbo ndiyo yanayoiwezesha dawa kupenya utando laini wa pua, ambao kwa mtu mzima una eneo la takriban sentimita za mraba 150 na umejaa mishipa ya damu iliyo karibu sana na uso wake. Kutoka hapo dawa huingia kwenye vena, ikaenda moyoni, ikasukumwa pamoja na damu hadi kwenye ubongo, na ikavuka kizuizi nilichokieleza kwa sababu ni ndogo na inapenda mafuta.

Utaona, basi, kwamba dawa ya mtoto ilifika kwenye ubongo kwa kupita kwenye damu, kama inavyofika ile ya sindano. Kilichorahisishwa na pua ni kuingia kwenye damu. Mtoto anayetetemeka hawezi kumeza. Na hata angeweza, dawa iliyomezwa hupita kwanza kwenye ini, ambalo huharibu sehemu kubwa ya midazolamu kabla haijasambaa mwilini, ilhali damu inayotoka puani hairudi moyoni kwa kupitia ini. Wazee wetu wa Uheheni na Ubena wanaonusa ugoro wanaifahamu kasi hiyo kwa uzoefu, maana nikotini nayo ni molekuli ndogo inayopenya utando wa pua, ikaingia kwenye damu na kuvuka hadi kwenye ubongo bila shida, na mnusaji huisikia kichwani baada ya muda mfupi tu. (Sisemi hivyo kuusifu ugoro.)

Faida ya njia hii kwa mtoto mwenye degedege imepimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000 nchini Israeli, watoto waliofikishwa hospitalini wakiwa na degedege la homa la muda mrefu waligawanywa katika makundi mawili: wengine walipewa midazolamu puani na wengine diazepamu, dawa nyingine ya kutuliza degedege, kwa sindano ya mshipani. Katika matukio 26 ya kila upande, pua ilizima degedege mara 23 na sindano mara 24, kwa hiyo nguvu zao zilikuwa karibu sawa. Lakini tangu mtoto kufika hadi kutulia, waliopewa dawa puani walichukua wastani wa dakika 6.1 na waliodungwa walichukua dakika 8.0, kwa sababu kutafuta mshipa kwenye mkono mdogo unaotetemeka kunakula muda. Jirani zetu wa Uganda nao, katika Hospitali ya Mulago, waliwapima watoto 330 kwa njia inayokaribiana na hii: midazolamu iliyowekwa kati ya shavu na fizi ililinganishwa na diazepamu ya njia ya haja kubwa. Diazepamu ilishindwa kwa asilimia 43 ya watoto, midazolamu ikashindwa kwa asilimia 30.3. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008.

Nimelirefusha jambo hili kwa makusudi, kwa sababu kwa maoni yangu hapa ndipo pua ina thamani kubwa kuliko mahali pengine popote kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini, ingawa haizungumzwi sana kama zinavyozungumzwa habari za kurudisha kumbukumbu. Mtoto anayeanza kutetemeka usiku katika kijiji cha Makete au Ludewa, wakati wa masika, yuko mbali na mtu wa kumtafutia mshipa. Na kadiri degedege linavyozidi dakika tano, ndivyo linavyokuwa gumu kuzimika na ndivyo hatari kwa ubongo inavyoongezeka. Kifafa nacho si ugonjwa wa kuhesabika kwa vidole katika mikoa hii, hasa pale ambapo mayai ya tegu ya nguruwe yanaingia mwilini kwa chakula au mikono iliyochafuliwa na kinyesi cha binadamu mwenye tegu, kisha mabuu yake yakajenga vifuko ndani ya ubongo. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inakubali dawa za jamii ya midazolamu zipitie shavuni, puani au njia ya haja kubwa pale ambapo mshipa haupatikani. Marekani iliidhinisha kifaa chenye dozi moja ya midazolamu ya puani mwaka 2019 na cha diazepamu mwaka 2020, na vyote viwili vilitengenezwa ili mtu asiye na taaluma, kama mzazi au mwalimu, aweze kuvitumia. Kwetu kinachotumika zaidi hospitalini ni dawa ya chupa ya sindano, inayovutwa kwa bomba na kupuliziwa kupitia ncha maalumu inayoigeuza kuwa ukungu.

Sasa nije kwenye njia ya pili, ile ambayo huenda aliyewaeleza alikuwa anaifikiria. Ipo kweli. Juu kabisa ya tundu la pua, katikati ya macho, kuna kipande kidogo cha utando ambacho kazi yake ni kunusa. Mfupa unaokitenganisha kipande hicho na ubongo una matundu madogo mengi kama chekeche, na kupitia matundu hayo nyuzi za mishipa ya fahamu ya kunusa huingia moja kwa moja kwenye ubongo. Hapo ndipo mahali pekee mwilini ambapo mishipa ya fahamu ya ubongo inafika karibu kabisa na hewa ya nje. Mshipa mwingine wa fahamu, unaohusika na hisia za uso, nao una matawi puani na mzizi wake uko kwenye shina la ubongo. Dawa ikifika kwenye maeneo hayo inaweza kusafiri kandokando ya nyuzi hizo, katika nafasi nyembamba zinazozizunguka, na kuingia kwenye maji ya ubongo bila kuvuka kizuizi cha damu.

Uthibitisho wa kutisha kwamba njia hiyo iko wazi ulitolewa na mdudu. Amiba anayeitwa Naegleria fowleri, ambaye ugonjwa wake ulielezwa kwa mara ya kwanza nchini Australia mwaka 1965, huishi kwenye maji yasiyo ya chumvi yaliyopata joto. Mtu akiyameza hayamdhuru kwa namna hiyo, lakini yakimwingia puani, amiba hufuata mishipa ya kunusa, akapita kwenye mfupa ule wenye matundu na kuingia kwenye ubongo, na walio wengi hufariki. Kwa upande wa dawa, mwaka 2002 watafiti wa Ujerumani waliwapulizia watu wenye afya protini ndogo tatu, insulini ikiwa mojawapo, kisha wakawa wanachukua maji ya uti wa mgongo kidogo kidogo. Katika muda wa dakika 80 kiwango cha protini hizo kwenye maji hayo kilikuwa kimepanda. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba habari hii ni ya kubuni.

Tatizo ni wembamba wa njia hiyo. Kwa panya, ambao ndio waliotumika katika majaribio mengi yenye matokeo ya kuvutia, utando wa kunusa unafunika karibu nusu ya eneo lote la pua. Kwa binadamu unafunika asilimia chache tu, na tena umejificha juu nyuma ya mikunjo ya mifupa. Panya wa maabara hulazwa chali akiwa amelewa dawa ya usingizi, akadondoshewa kiasi cha dawa ambacho, ukilinganisha na ukubwa wa pua yake, hakuna binadamu angekivumilia. Na hata kwa panya huyo, sehemu ya dozi inayopatikana ndani ya ubongo mara nyingi haifiki asilimia 1. Mtu anayesoma kichwa cha habari kinachosema dawa fulani imefika kwenye ubongo kupitia pua ana haki ya kuuliza maswali mawili: pua ya nani, na kwa kiasi gani.

Kwa binadamu, mpulizo wa kawaida huishia zaidi sehemu ya mbele ya pua na kwenye mikunjo ya katikati, na ni kidogo sana kinachopanda hadi juu. Kilichotua hakikai. Utando wa pua umefunikwa na ute unaosukumwa daima kuelekea kooni na vinyweleo visivyoonekana kwa macho, na katika muda wa dakika 15 hadi 20 hivi sehemu kubwa ya dawa iliyobaki imekwisha kumezwa. Mafua nayo huvuruga kila kitu: pua iliyovimba na kujaa kamasi hupokea dawa tofauti na pua iliyo wazi, na huko Njombe na Makete, ambako mwezi wa Juni na Julai baridi hugandisha umande mashambani, mtu mwenye pua kavu na wazi hapatikani kirahisi. Wabunifu wa vifaa wamejitahidi kuyazunguka matatizo haya. Kuna kifaa ambacho mgonjwa anapuliza kwa mdomo wake mwenyewe, kaakaa laini likajifunga nyuma, na pumzi hiyo hiyo ikaisukuma dawa juu kupitia tundu la pua. Kuna na kingine kinachotumia gesi kuirusha dawa hadi sehemu ya juu. Ni hatua nzuri, ila ni vifaa vya gharama, na vyenyewe havijatupatia bado dawa ya demensia, yaani ugonjwa wa kusahau.

Hapa ndipo insulini inapoingia. Wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi. Seli za ubongo zinatumia insulini, na kuna dalili kwamba kwa wagonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya ugonjwa wa kusahau, haziitikii ipasavyo. Ukimdunga mgonjwa insulini nyingi utashusha sukari yake ya damu na kumwangusha, ilhali ukimpulizia puani sukari haibadiliki sana. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio dogo la watu 104, lililochukua miezi minne, na waliopata insulini walionekana kufanya vizuri zaidi katika baadhi ya vipimo vya kumbukumbu. Matumaini yalipanda, na yalistahili kupanda. Likafuata jaribio kubwa zaidi, la watu 289 kwa miezi 12, lililochapishwa mwaka 2020. Katika jaribio hilo waliopewa insulini hawakupata nafuu kuliko waliopewa dawa bandia, si kwa kumbukumbu wala kwa uwezo wa kujihudumia. Jambo moja katika habari hiyo linanifundisha kuliko matokeo yenyewe: kifaa cha kupulizia walichoanza nacho kilikuwa kinaharibika mara kwa mara, wakalazimika kukibadilisha baada ya watu 49, na watu 240 waliofuata wakatumia kingine. Ikiwa watafiti wenye fedha, wahandisi na wasimamizi walihangaika namna hiyo kuipandisha dawa mahali panapotakiwa, sioni namna ambavyo chupa ya kupuliza inayouzwa kwa ujumbe wa simu itaweza.

Hali kama hiyo imejirudia kwa homoni iitwayo oksitosini, ya kupuliza puani, iliyotarajiwa kuwasaidia watoto wenye usonji. Majaribio madogo yalileta furaha. Jaribio la watoto 290 lililochapishwa mwaka 2021, ambalo lilidumu wiki 24, halikuonyesha faida.

Kwa hiyo jibu langu kwa ndugu yenu wa Dar es Salaam ni kwamba insulini ya puani haijaidhinishwa kutibu ugonjwa wa kusahau, na ushahidi mkubwa uliopo hadi sasa hauiungi mkono. Anayewauzia awaonyeshe namba ya usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na namba hiyo iulizwe ofisini kwao kabla ya fedha kutoka mfukoni. Wala msiichukue insulini ya mgonjwa wa kisukari na kuitumia puani. Ile ya chupa imetengenezwa kwa sindano na ina vihifadhi ambavyo utando wa pua haukuandaliwa kuvipokea kila siku. Na chupa hiyo ikikaa ndani ya nyumba ambamo kuna mtu anayesahau, siku moja inaweza kudungwa kwa makosa, na hapo hatari si ya kubahatisha tena.

Mtu anaweza kusema: hata kama haisaidii, itamdhuru nini? Pua imekwisha kutujibu swali hilo zaidi ya mara moja. Mwaka 1937, wakati wa mlipuko wa polio mjini Toronto, Kanada, madaktari waliwapulizia watoto karibu 5,000 zinki salfeti kwenye sehemu ya juu ya pua, kwa kuwa katika nyani wa maabara virusi vya polio vilionekana kuingia kwa mishipa ya kunusa na dawa hiyo ilionekana kuviziba. Polio haikuzuilika, na baadhi ya watoto walipoteza uwezo wa kunusa. Miaka zaidi ya sabini baadaye, mwaka 2009, mamlaka ya dawa ya Marekani ililazimika kuwaonya watu waache kutumia bidhaa za mafua zenye zinki za kuweka puani, kwa malalamiko yale yale ya kupotea kwa harufu. Uswisi nayo ilitumia chanjo ya mafua ya puani katika msimu wa 2000 hadi 2001, iliyochanganywa na sumu ya bakteria ili kuamsha kinga. Waliochanjwa walipata kupooza upande mmoja wa uso kwa kiwango kikubwa kuliko wengine, na chanjo ikaondolewa sokoni. Mishipa ya fahamu iliyoachwa karibu na hewa inaumia kirahisi, na ile inayowahi kuumia ni ya kunusa, ambayo mzee anaihitaji hata kugundua kwamba chakula kimeungua jikoni.

Vidonge vya mama, basi. Wazo lenu lina mantiki ndani yake, na wapo watafiti waliojaribu kuipeleka donepezili puani kwa wanyama, kwa hiyo sitaki mjione mmeuliza jambo la ajabu. Lakini tazama dawa yenyewe. Donepezili ikimezwa hufyonzwa karibu yote, haina tatizo la kuharibiwa sana na ini njiani, inavuka kizuizi cha ubongo yenyewe, na hukaa mwilini muda mrefu sana: inachukua takriban saa 70 kwa nusu yake kuondoka, ndiyo maana mama anameza kidonge kimoja tu kwa siku. Dawa ya namna hiyo haina haja ya haraka. Kasi ya pua ni ya thamani pale ambapo dakika zinahesabiwa, kama kwa degedege, kipandauso kikali au mtu aliyezidiwa na dawa za kulevya za jamii ya afyuni, ambaye huamshwa kwa naloksoni ya puani. Kwa ugonjwa wa kusahau, unaokwenda kwa miaka, dawa kufika nusu saa mapema hakumpunguzii mama kitu.

Kisha kuna suala la ujazo. Tundu moja la pua linapokea vizuri kiasi cha mililita 0.2 hivi, kinachozidi hapo hutiririka nje au kooni. Kijiko cha chai kina mililita 5, yaani mara 25 ya kiasi hicho, na hapo hamjaanza hata kuyeyusha kidonge. Kidonge chenyewe si dawa tupu: ndani yake mna wanga, sukari ya maziwa na vitu vya kukifanya kishikamane, na kwa nje kimepakwa utando; ukikisaga na kukitia maji utapata uji wa chembechembe usioyeyuka, unaokwaruza utando wa pua na ambao mzee asiyeweza kutii maelekezo ya kuvuta pumzi vizuri anaweza kuuvuta hadi kwenye mapafu. Na maji ya bombani au ya kisima yasiyochemshwa hayafai kuwekwa puani kwa sababu yoyote ile. Amiba niliyemtaja ametosha kueleza kwa nini. Ikiwa sababu ya kufikiria pua ni kwamba mama anakataa kumeza au anakitema kidonge, mwambieni daktari hivyo hivyo. Ipo donepezili inayoyeyuka juu ya ulimi, na kwa baadhi ya dawa za ugonjwa huu ipo plasta ya kubandika kwenye ngozi. Upatikanaji wake mikoani si wa uhakika, lakini ni maswali halali ya kuuliza kwenye duka la dawa la hospitali.

Kuna jambo ambalo hukuniuliza, nami sitaliacha. Hukueleza kama mama alipimwa chochote kabla ya kuanzishiwa dawa. Kusahau kwa mzee kunaweza kuletwa au kuzidishwa na upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, maambukizi ya VVU au kaswende ya muda mrefu, sonona, uziwi usiotambuliwa, na hata dawa nyingine anazotumia, zikiwemo zile za mzio na mafua zinazoleta usingizi, ambazo huuzwa bila cheti na ambazo zinafanya kazi kinyume kabisa na donepezili. Kwa mtu anayetoka ukanda wetu, vifuko vya tegu kwenye ubongo navyo huulizwa, na albendazoli inayotibu hali hiyo humezwa kwa mdomo na kuufikia ubongo vizuri, kwa uangalizi wa hospitali. Nendeni na vidonge vyake vyote ndani ya mfuko mmoja, hata vile vya mitishamba, mkaviweke juu ya meza ya daktari au mfamasia. Kutoka Mafinga, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa iko karibu zaidi; panapohitajika bingwa wa mishipa ya fahamu wao ndio watakaowapa rufaa.

Kuhusu mtoto, mdogo wako amwulize daktari wake mambo mawili. La kwanza, kama lile lilikuwa degedege la homa, ambalo watoto wengi huliacha wakifikia umri wa miaka mitano au sita, au kama kuna dalili za kifafa zinazodai dawa ya kila siku. La pili, kama familia inaweza kupewa dozi ya dharura ya kukaa nayo nyumbani, iwe ya shavuni, ya puani au ya njia ya haja kubwa, ikiwa imepimwa kwa uzito wa mtoto na wao wakiwa wamefundishwa mbele ya muuguzi namna ya kuitoa. Midazolamu na diazepamu ni dawa zinazodhibitiwa, na zikizidi huzuia pumzi, kwa hiyo zisinunuliwe kwa njia za panya wala kipimo kisikisiwe kwa macho. Akipatwa tena kabla hamjapata dozi hiyo, mlazeni kwa ubavu mahali pasipo na kitu cha kumuumiza, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazameni saa tangu alipoanza, na zikitimia dakika tano muwe mmekwisha kutoka kwenda kituo cha afya.